Kilalo chenye Mlango wa Chuma

Nyundo ndiyo niliyoisikia kwanza. Ilinijia kwenye simu, nyuma ya sauti ya mama yangu, ikigonga bati: ko, ko, kimya kidogo, kisha ko tena. Mimi nilikuwa mjini Baraka, kando ya ziwa, nimekaa mlangoni mwa chumba nilichopanga, nikipigana na sura ya riwaya iliyokataa kuisha. Yeye alikuwa nyumbani, milimani upande wa Lubondja, amepanda kwenye kile kilima chetu kimoja ambako simu inashika.

"Unasikia?" akaniuliza.

"Nasikia, Mama. Banajenga kilalo?"

Nyundo ikajibu badala yake.

Kwa ninyi mnaosema daraja, sisi wa milimani tunasema kilalo. Mto wetu, Etobo, unapita kati ya kijiji na vitu vyote ambavyo kijiji kinavihitaji: barabara ya kwenda Fizi, shule, zahanati, mashamba. Kiangazi ni kijito cha kuoshea miguu. Mvua zikianza unageuka mnyama. Tunauvuka kwa kushika kamba iliyofungwa kwenye miti miwili, na mvua zilizopita uliing'oa kamba mikononi mwa Mama akiwa na kapu la mihogo kichwani. Walimtoa chini kidogo, kwenye mawe, goti limepasuka. Tangu siku ile hajavuka. Shamba lake liko ng'ambo. Analiona kila asubuhi akiwa uani. Wenzake wanalilima na kumletea mihogo aliyoipanda mwenyewe, naye anawashukuru kwa sauti ya mtu anayeomba.

Kwa hiyo serikali ilipoleta fedha za vijiji, kazi moja ya ujenzi na kazi moja ya usalama kwa kila kijiji, wenyeji wachague wenyewe, Mama ndiye aliyesimama mkutanoni. Aliomba kilalo. Siku ile alinipigia akiimba.

Sasa hakuwa akiimba.

"Kuya ujionee, Neema," akasema. "Mi siwezi kueleza. Bamama banasheka mpaka banashika kiuno."

Simu ikakatika. Nikafunga riwaya.

Baraka, asubuhi na mapema, ziwa lilikuwa limelala bado na rangi ya chuma cha zamani. Wanawake walikuwa wakimwaga ndakala kwenye nyavu za kukaushia, na samaki hao wadogo walitoa sauti ya mvua nyepesi. Nilipanda pikipiki ya kukodi, mfuko mgongoni, chupa ya maji mapajani. Dereva alikuwa kijana wa maneno mengi. Tulipoanza kupanda alikuwa ameshaniambia habari za nusu ya mji.

"Na kule Lweba, umefika?" akaniuliza, akigeuza shingo wakati nilipotaka atazame mbele.

"Zamani. Kuna nini?"

"Kuko nini! Kuko kilalo ya kebo, dada. Inaning'inia hewani kama kitanda ya mutoto. Na mataa ya jua, ku pwani yote! Sasa mama anachagua ndakala usiku sawa muchana. Serikali iliwapenda bale batu."

"Iliwapenda kwa nini?"

"Sijue. Pengine banajua kuomba."

Njia ilipanda kwa mikunjo, ziwa likashuka nyuma yetu likawa kipande cha kioo, hewa ikapoa. Mahali pengine popote ningeyaandika yale majani, ule ukungu unaokaa mabegani mwa milima kama kitenge cha mgonjwa. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na daraja moja tu linaloning'inia, nami nilikuwa nalionea wivu kabla sijaliona.

Tulipumzika Fizi mjini. Nilikula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, kwa mama mmoja kando ya soko, nikatazama watu wakishuka kwenda Baraka na mizigo yao, wakavu miguu yote. Ningeweza kuwachukia hata hao.

Alasiri tulifika kwetu. Dereva aliniacha mwisho wa barabara, nikashuka peke yangu hadi Etobo. Mvua zilikuwa hazijaanza. Maji yalinifika chini ya magoti, baridi na ya kirafiki. Nilitafuta nguzo. Nilitafuta saruji, chuma, hata shimo lililochimbwa. Kulikuwa na kamba yetu, ileile, imeota kuvu.

Halafu nikainua macho kilimani, nikaiona nyumba.

Ilikuwa nzuri, hilo sitalikana. Kuta za matofali, bati jipya linalochoma macho, veranda ya saruji, na mlango wa chuma uliopakwa rangi ya buluu, mpana, wenye makomeo matatu. Juu yake fundi alikuwa ameandika kwa Kifaransa kwamba hii ni nyumba ya wapita njia. Ndani mlikuwa na vyumba viwili, na ndani ya vyumba hivyo vitanda vya mbao vimepangwa kama bweni la masista.

Wapita njia gani? Kwetu hapapiti mtu. Anayefika kwetu amefika kwetu.

"Karibu ku kilalo ya Mama Neema!" mwanamke mmoja akaniita kutoka kwenye kinu. Wenzake wakaangua kicheko. "Umechoka na safari? Kitanda iko!"

"Chumba ya mukono wa kuume ni ya bapapa," mwingine akadakia. "Usikosee, mutoto ya watu!"

Mama alikuwa amekaa uani, mguu mbaya umenyooshwa mbele. Alinikumbatia akiwa amekaa. Nikasogeza kigoda changu, nikamwambia anisimulie tangu mwanzo.

"Alikuwa muntu muzuri, yule Enjenyere," alisema, akimtaja mhandisi aliyetumwa na serikali. "Muntu wa Kinshasa, lakini Kiswahili alisomea Tanzania, anaisema safi kama redio. Akatuuliza, 'Mnaomba nini?' Mi nikasimama. Nikasema, 'Tunaomba kilalo.' Akafurahi! Akauliza, 'Cha watu wangapi?' Nikasema, 'Hata batu makumi mbili, na mizigo yabo.' Akauliza, 'Mnakihitaji zaidi wakati gani?' Nikasema, 'Wakati ya mvua, Papa. Mvua ikinyesha tunateseka.' Akatikisa kichwa, akatuhurumia kabisa. Kisha akauliza kama banaume na banamuke batenganishwe."

"Ukamjibuje?"

"Nikawaza, huyu ni muntu wa maombi ya kanisa. Nikamwambia, 'Hapana shida, Papa, batafuatana tu, moja nyuma ya mwenzake.' Batu bote bakasheka. Yeye akaona haya."

"Na mambo ya usalama?"

"Nikamwambia, usalama yetu ni ile kilalo. Ikiwa na nguvu, hakuna mutoto atapotea usiku. Akaandika, akaandika." Mama akatazama ng'ambo, kwenye kipande chake cha kijani. "Sasa batu banasema vile: kilalo yetu iliuzwa ku Lweba. Na mi ndiye nilisimama, kwa hiyo mi ndiye banasheka."

Mwandishi anajisifu kwa masikio yake. Mimi pia hujisifu. Kwenye kikao chetu cha wasomaji mmenisikia. Ningekuwa na moyo uliotulia, ningelisikia jibu palepale, ndani ya maswali ya yule mtu. Lakini wivu ulikuwa umeniziba. Nilichosikia mimi ni neno moja tu: Lweba.

"Enjenyere yuko wapi sasa?" nikauliza.

"Banasema iko Lweba, anamaliza mataa. Kisha anarudi kwabo."

Basi safari yangu ikapata mguu wa pili. Mvua zilikuwa zinanusika hewani. Mtu yule akiondoka kabla hajauona mto wetu umejaa, Mama angekaa tena msimu mzima akitazama shamba lake kama picha ukutani, na vicheko vya kinuni vingekuwa jina lake jipya.

Kesho yake nilishuka Baraka, na siku iliyofuata, asubuhi, nilishika barabara ya Uvira, ziwa upande wangu wa kulia. Lweba kuna mtu wangu: Sifa, binti wa mama mdogo. Tulilelewa pamoja kwetu milimani mpaka vita vilipowapeleka wao ng'ambo ya ziwa, kambini Tanzania, wakakaa huko miaka. Walirudi wakakaa pwani. Sifa ni mdogo wangu, ananiita yaya, yaani dada mkubwa, na tangu utoto amekuwa akinipita: alipata meno kabla yangu, Mama husema, ingawa alizaliwa baada yangu. Sasa amechaguliwa katika kamati ya kijiji chao.

Alinisubiri barabarani na mtoto mgongoni.

"Yaya! Mbona umekonda hivi? Vitabu vinakula?"

"Nionyeshe kilalo chenu," nikasema. Hata sikuuliza habari za mama mdogo.

Akacheka, akajitwika beseni la nguo, akatangulia. Nilisikia maji kabla ya kuona kitu, kijito kinachoanguka kati ya kingo mbili za udongo mwekundu. Kisha miti ikafunguka.

Nataka kuwa mkweli kwa daraja lile. Lilikuwa jembamba, kebo mbili juu, mbili chini, na mbao zimepangwa kama meno ya mtu mwenye afya. Pembeni waliweka wavu wa chuma ili mtoto asipenye. Wanawake walikuwa wakitoka shambani, mmoja akiwa na mkungu wa ndizi, mwingine na kuni. Hawakupunguza mwendo. Hawakuvua viatu. Mbao ziliitika chini ya miguu yao, tu, tu, tu, na maji yalipiga kelele chini yao bila kusikilizwa na mtu.

Sifa alivuka beseni likiwa kichwani, mtoto mgongoni, mikono yote miwili hewani, akinisimulia habari za mumewe. Alipofika katikati akasimama, akageuka, akaendelea kusimulia. Katikati! Mahali ambapo, kwetu, mtu anafumba macho na kumwita Mungu. Nilimtazama kama vile amevaa nguo za mama yangu.

"Kuya basi!" akaniita. "Halitafuni mtu, daraja hili."

Nilivuka. Lilitikisika kidogo, kwa upole, kama mtu anayekubembeleza. Nikalichukia zaidi.

Jioni alinipeleka pwani, jua likiwa limezama nyuma ya milima na ziwa bado lina mwanga kidogo. Taa ziliwaka zenyewe, moja baada ya nyingine, juu ya nguzo nyeupe. Chini yake wanawake walipanga samaki wakipiga soga. Sifa aliniambia kwamba zamani mwanamke akitoka kupokea mtumbwi alitembea na wifi yake na fimbo. Sasa wanatoka peke yao. Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa.

"Muna bahati," nikasema. Neno lilitoka limepinda.

"Bahati gani, yaya? Bahati iko kwenu." Akanigeukia, na uso wake, nawaambia, ulikuwa na kitu nilichokijua vizuri. "Tumesikia. Bitanda! Nyumba ya matofali na mlango wa chuma! Hapa wafanyabiashara wanaosubiri boti ya kwenda Kazimia wanalala mchangani, mama na watoto wao, mbu wanawala mpaka asubuhi. Tulivyosikia watu wa juu wamepewa nyumba ya wageni, wenzangu katika kamati hawakula siku hiyo."

"Mlituonea wivu? Sisi?"

"Mpaka leo."

Sikujua nicheke au nimsukume ziwani.

Asubuhi iliyofuata tulimkuta mhandisi kwenye daraja, amechuchumaa, anakaza nati. Alikuwa mtu mwembamba, shati safi, miwani iliyofungwa kwa uzi. Sifa alinijulisha: mwandishi, kutoka kijiji cha juu.

"Ah, kijiji cha juu!" Akasimama, uso umefunguka. "Mmefurahi?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Fizi. Ilikuwa na sentensi ndefu. Nikaipoteza yote.

"Papa," nikasema, "kwa nini kilalo chetu mliwapa watu wa Lweba?"

Akanitazama. "Kilalo? Lweba hawana kilalo."

"Umesimama juu yake!"

"Hili ni daraja. Lweba waliomba daraja. Kilalo mliomba ninyi, nami niliwajengea vizuri sana. Vyumba viwili. Hata mlango, kwa ajili ya ule usalama, niliagiza wa chuma."

Maji yaliendelea kuanguka chini yetu. Sifa ndiye aliyeelewa kwanza, kwa kuwa amekaa katika Kiswahili cha juu na katika Kiswahili cha kambini. Alishika wavu kwa mikono miwili, akaanza kucheka, mtoto mgongoni akacheka kwa kutikiswa.

"Enjenyere," akasema, "kule juu, kilalo ndiyo daraja."

"Hapana. Kilalo ni mahali pa kulala. Kulala, kilalo."

"Kwa wale uliosoma kwao, labda. Kwetu kilalo ni mti unaoulaza juu ya maji, ukapita."

Mtu yule akavua miwani yake. Nilimwona akirudi mkutanoni, swali kwa swali, kama mimi nilivyokuwa nikirudi wakati huohuo.

"Yule mama," akasema polepole, "aliniambia watafuatana mmoja nyuma ya mwenzake. Nilishangaa sana."

"Yule mama ni mama yangu," nikasema. "Ana goti bovu, na shamba lake liko ng'ambo."

"Lakini nilikuja kijijini kwenu. Sikuona mto."

"Ulikuja kiangazi. Ulivua viatu."

Akakumbuka viatu. Akakaa juu ya mbao. Alituambia, bila kujitetea, kwamba fungu la kijiji chetu limeisha, limo ndani ya matofali yale. Kwamba kazi imeshapokelewa na waliomtuma. Kwamba amebaki kukabidhi funguo tu, na hilo angeweza kumpa mtu yeyote. Alinitazama kana kwamba mtu huyo ni mimi.

"Funguo utazileta mwenyewe," Sifa akamwambia. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Ukatazame. Ukilala, ulale kwenye kilalo chako."

Akaja. Nampa heshima hiyo: angeweza kutokuja. Tulipanda naye katika gari lake kupitia Baraka na Fizi, yeye na dereva wake mbele, mimi nyuma na funguo za mlango wa chuma mapajani. Mawingu yalitutangulia. Tulipofika mwisho wa barabara, maji ya Etobo yalikuwa bado ya magotini, ila rangi yake imebadilika, na mimi niliyezaliwa hapo nilijua kwamba huko juu mvua imeshaanza. Sikumwambia. Tulivuka, gari na dereva wakabaki ng'ambo.

Alikuwa bado anafungua komeo la tatu mbele ya watu wote, nao wanapiga makofi kwa kejeli, mvua ilipofika. Ilipiga bati lile jipya mpaka hakuna aliyesikia hotuba. Ilipopungua tukasikia mto. Ulikuwa umeshageuka.

Usiku ule mhandisi alilala katika kilalo. Upande wa wanaume.

Asubuhi Mama alimpandia kilimani kwa fimbo yake, na chai na mihogo ya kuchemsha.

"Ulilala, Papa?"

"Nililala, Mama. Vitanda ni vizuri."

"Nafurahi. We ni mugeni ya kwanza. Sasa kuya nikuonyeshe ile nyingine."

Walishuka polepole, goti likiamua mwendo. Maji yalikuwa ya kahawia na yamebeba matawi. Kando ya kamba wanawake wa soko walisimama na mizigo chini. Ng'ambo, dereva wake alipunga mkono, na watoto wa shule walioshuka kutoka upande ule walikuwa wakimsaidia kupunga. Mhandisi alikunja suruali, akashika kamba, akaingia. Maji yalipomfika kiunoni, yule mwanamke wa kinuni aliyenikaribisha akamfokea, "Rudi, Papa! Unataka kutuachia maiti na funguo?" Wakamvuta kwa shati.

Akarudi akakaa kwenye jiwe, amelowa. Mama akakaa karibu naye. Walikaa bega kwa bega, wakitazama upande mmoja: yeye gari lake, Mama mihogo yake. Nilisimama nyuma yao, na kwa mara ya kwanza tangu Baraka sikuwa ninaiwazia Lweba.

"Kuna kebo iliyobaki," mhandisi akasema mwishowe. "Ya akiba. Mto wenu, pale kwenye mawe mawili, ni mwembamba kuliko ule wa Lweba. Ingetosha. Mbao mnazo?"

"Mbao tunazo," Mama akasema. "Na salongo tunajua." Salongo ni kazi yetu ya pamoja, kila nyumba inatoa mtu.

"Tatizo ni kwamba kebo ni mali ya Lweba. Siwezi kuichukua. Wakiitoa wenyewe, nitaandika hivyo, na nitakuja kuifunga kwa mikono yangu."

Wote wawili wakageuka wakanitazama.

Nilipanda kilimani, nikasimama chini ya bati lile, nikampigia Sifa. Nimeandika kurasa nyingi maishani. Maneno yale machache yalikuwa mazito kuliko zote.

"Sifa, ninaomba kebo yenu ya akiba."

"Yaya. Unaomba ama unadai?"

"Ninaomba."

Nilisikia taarabu ya redio upande wake, na sauti za wanakamati wenzake aliowaita. Walishauriana kwa muda. Walipandisha sauti, wakashusha. Kisha akarudi.

"Kilalo yenu ikisimama," akasema, na nikajua kwamba amechagua neno letu kwa makusudi, "nani atalala ndani ya ile nyumba?"

Nikafikiri. "Hakuna. Kila mtu atapita tu."

"Basi bitanda bishuke Lweba."

Mnajua nilihisi nini? Mnaotarajia shukrani mtasubiri. Nilihisi wivu. Hata vitanda! Nilitazama ndani, nikaona mbao zake nyekundu, nikazipenda ghafula. Nilishuka kuwaambia wale wawili wa jiweni. Mama alicheka mpaka akashika kiuno, kama wale wenzake.

"Bitanda biende," akasema. "Ila mulango habapati! Ule ndiyo usalama yetu!"

Maji yalishuka alasiri, kwa namna yake ya kujifanya hayakufanya kitu. Wanaume walivusha vitanda juu ya vichwa, miguu ikiwa juu, mpaka kwenye gari, na Etobo ukaonekana umejaa meza zinazotembea. Mhandisi alikaa kwenye mawe mawili na kamba yake ya kupimia mpaka vidole vikamganda. Kebo zilipanda siku chache baadaye, na ninapoandika haya mbao zinapasuliwa. Wanawake wa kinuni wameweka zamu, na wamemfanya Mama msimamizi, kwa kuwa, wanasema, yeye ndiye anayejua kuomba. Bado hatujavuka. Bado ninaionea Lweba wivu kwa taa zake, na nadhani nitaendelea. Lakini nimejifunza kwamba wivu hutazama sana na hausikii vizuri. Majibu yote yalikuwamo katika maneno ya Mama, uani, siku ya kwanza. Nami, mtu wa maneno, nilikuwa nimeshafika Lweba moyoni. Na watu wa Lweba, chini ya taa zao, walikuwa wakihesabu vitanda vyetu gizani.

Siku ile ya vitanda, kabla ya kuondoka, mhandisi alirudi kilimani kuchukua mfuko wake. Nyumba ilikuwa tupu, sauti zetu zikarudi kutoka ukutani. Alisimama katikati ya chumba cha wanaume, akatazama kazi yake, kuta zilizonyooka, madirisha aliyoyapima mwenyewe. Nadhani alikuwa anaiaga.

Mama alimsubiri verandani, funguo mkononi.

"Toka, Papa," akamwambia kwa upole. "Kilalo hii tunafunga. Tunaenda kufungua ingine."

Akatoka, akashuka ngazi, akashika njia ya mtoni bila kugeuka. Mama akauvuta ule mlango wa chuma kwa mikono yote miwili, ukajifunga nyuma yake kwa mlio mmoja mkubwa, ko.